Lamba Jiwe Uniambie

"Usinishike mkono. Nijibu kwanza. Nani kaweka mawe haya humu?"

Nyundo alicheka kicheko cha mtu aliyebanwa kidole na mlango. Akamwambia mchumba wake kwamba maandalizi ya harusi yamemchosha, aende akapumzike. Wote wawili walikuwa wanajiolojia wa mgodi mmoja, na walikuwa wamesimama ghalani, katikati ya masanduku ya sampuli za mawe zilizochorongwa kwenye kuta za shimo. Sanduku lililokuwa wazi lilikuwa limeandikwa "Mashariki". Asubuhi hiyo mwanamke alikuwa ameona ufa juu ya ukuta wa mashariki, naye hakuelewa ukuta ambao sampuli zake zilionyesha jiwe zima unapasukaje.

Hakubishana. Aliokota kipande, akakilamba.

Jiwe kavu halisemi kitu, vumbi tupu. Likilowa, rangi hutoka. Nyundo mwenyewe ndiye aliyemfundisha hilo, mwaka wa kwanza chuoni, kwenye mto mkavu. Mwanamke alilamba, darasa zima likamcheka, Nyundo akampa maji ya kusukutua. Mapenzi yao yalianzia hapo, na ladha ya udongo mdomoni.

"Michirizi ya kijani. Hili ni la magharibi, nililichunguza mimi. La mashariki liko wapi?"

"Nimelitupa."

"Lilikuwaje?"

"Lilivunjika mkononi kama biskuti."

Basi Nyundo yakamtoka yote. Meneja hakutaka kusikia habari za kusimamisha uchimbaji. Ukuta ukionekana mzima, Nyundo angepewa ukuu wa kitengo na nyumba ya kampuni. Nyumba ile ile waliyokwenda kuitazama, mwanamke akachagua hadi mapazia.

"Nilifanya kwa ajili yetu, mpenzi."

"Mdogo wangu anaendesha lori chini ya ukuta huo. Kazi ulimtafutia wewe."

"Ukuta umesimama miaka yote, hautaanguka leo."

"Na mvua ya wiki nzima? Nayo umeidanganya?"

Nyundo akasema polepole kwamba mchumba wake akipiga simu, yeye Nyundo atafungwa na harusi haipo.

"Najua," alisema mwanamke, keshabonyeza namba. Msimamizi wa zamu alipopokea, hakumsalimia. "Ukuta wa mashariki umeoza. Toa watu wote sasa hivi. Sampuli zilibadilishwa, na aliyezibadilisha yuko hapa mbele yangu."

King'ora kilianza kulia. Nyundo alikaa juu ya sanduku, kichwa mikononi. Baadaye kidogo sakafu ilitetemeka, na vumbi likadondoka kutoka kwenye mabati.

Hatimaye ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwanamke. Ulitoka kwa mdogo wake.

"Dada, tumepanda juu. Ukuta umeshuka nyuma yetu. Fundi wa pampu hatumwoni. Shemeji yuko salama?"

Alimtazama Nyundo, kisha akaandika maneno mawili na kuyatuma mbele ya macho yake:

"Huna shemeji."