Mkasi wa Babu

Kila siku nikitoka shule nilifagia chumba cha bibi, na kila siku ufagio uligonga kopo la biskuti mvunguni mwa kitanda. Ndani yake mlikuwa na mkasi wa marehemu babu, aliyekuwa fundi cherehani. Ulikuwa butu na umeshika kutu. Kwangu ulikuwa taka tu.

Mwalimu wa sanaa alipotuagiza tutengeneze sanamu kwa vitu vilivyotupwa, wenzangu walikwenda jalalani. Mimi, ninayeitwa Chiriku kwa domo langu, nikasema, "Tabu yote ya nini?" Nikauchukua ule mkasi. Niling'oa msumari wa katikati kwa koleo, ukakatika. Vile vipande viwili vikawa mabawa, chupa ya plastiki ikawa tumbo, na vizibo vikawa macho. Nikapata ndege!

"Mkasi umeutoa wapi?" mwalimu aliuliza.

"Jalalani, mwalimu," nikajibu bila hata kupepesa macho.

Siku ya maonyesho, bibi naye alikuja. Alipofika mbele ya ndege wangu alisimama. Kwenye mpini palikuwa na kitambaa cheusi, alichokizungusha babu mwenyewe ili usimchubue kidole gumba. Bibi alikigusa, machozi yakamtiririka.

"Kuna nini, mama?" mwalimu alimuuliza.

"Hakuna kitu, mwanangu. Ndege mzuri. Mjukuu wangu ana mikono ya babu yake."

Masikini bibi, alikuwa ananifichia aibu! Moyo uliniuma kuliko kama angenichapa. Nikaangua kilio.

"Nilidanganya, mwalimu. Sikuuokota. Nimeuiba kwa bibi."

Mwalimu alimwondoa ndege kwenye maonyesho, akafungua mabawa taratibu, akampa bibi. Bibi alijaribu kuvipachika vile vipande, vikakataa. Akajaribu tena.

"Nisamehe, bibi. Nilidhani mkasi hauna kazi."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini kazi ulikuwa nayo. Nikiushika, nilikuwa naushika mkono wake."

Mimi, Chiriku mzima, nikavishika vile vipande pamoja naye.

Mwalimu aliniinamia. "Umesema kweli, na hilo ni jema. Ila kumbuka: kilichotupwa ni kile ambacho mwenyewe amekwisha kukiaga. Usipojua, uliza. Bibi yako alikuwa bado hajauaga mkasi huu."