Samli Ndani ya Gramafoni

"Umeivunja au hukuivunja?"

Bashiri hakuinua macho. Alikuwa ameinamia meza ya karakana yake, hapo Bakoba, mtaa wa mji wa Bukoba, anafuta gurudumu la shaba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Santuri zote zimefika nzima, Zabibu. Tarumbeta yake haina hata mkwaruzo."

"Sijakuuliza tarumbeta. Nimekuuliza gramafoni."

"Itaimba."

"Lini?"

"Ikipona."

Zabibu alitamani kulichukua koleo lililokuwa mezani na kulitupa barabarani. Mwanamume gani huyu, posa inamponyoka naye anajibu kama mganga?

Gramafoni ilikuwa ya Bibi Mwamvita, mama mzazi wa baba yake Zabibu. Marehemu babu aliinunua enzi za Mjerumani, na kule Muleba ilikaa karibu na meko, ikiheshimiwa kama mkwe. Uzee ulipoifanya iimbe kwa kukoroma, Bibi alituma salamu kwa dereva wa lori: mjukuu wake haolewi kwa nyimbo za kukoroma. Huyo fundi anayemposa aje aichukue mwenyewe, aitengeneze kabla ya harusi.

Bashiri akaenda, Zabibu akafuatana naye, na aliona kwa macho yake jinsi mzigo ulivyofungwa. Fundi aliiacha springi ijifungue hadi mwisho, ili isije ikafyatuka njiani. Akatoa sindano pamoja na kile kichwa kinachotoa sauti, akavizungushia pamba. Akafungua tarumbeta, akajaza majani makavu ya mgomba kila pembe ya sanduku. Santuri akazisimamisha wima kama vitabu, kwa sababu ukizilaza, ya chini hupasuka. Kisha akalipakata sanduku safari nzima, mvua inawapiga, lori likiruka naye anaruka nalo.

"Tazama mume wangu anavyompakata mke mwenzako," Bibi alikuwa amemtania Zabibu wakati wa kuagana.

Walipofika Bukoba, mpini wa gramafoni ukagoma kabisa kuzunguka.

Hapo akapata la kusema Mustapha, mwenye duka la baiskeli, ambaye naye alimtaka Zabibu akakataliwa. Alikuwamo kwenye lori lile. Akaja kwa Mzee Saburi, baba yake Zabibu, akatafuna taratibu punje za kahawa kavu wanazokaribishiwa wageni, akasema kwa huruma kubwa kwamba mteremkoni alisikia kitu kikivunjika ndani ya sanduku. Mzee Saburi akamwita fundi ajieleze. Bashiri akasema ni uzee wa mashine.

"Asubuhi iliimba, jioni imekufa," mzee akamjibu. "Huo ni uzee wa nusu siku? Asiyeweza kubeba sanduku la mama yangu, atambebaje binti yangu?"

Akampa mpaka Jumamosi, Bibi atakapokuja mjini. Asipokuwa na jibu la kiume, posa irudi ilikotoka.

Ndiyo maana Zabibu alikuwa karakanani. Alipochoka kumtazama mtu asiyejibu, alichukua gurudumu moja mezani, lililokuwa halijasafishwa. Lilikuwa limeganda utando wa njano. Akalinusa.

"Mbona linanukia jikoni kwa Bibi?"

"Liweke chini, tafadhali."

"Hii ni samli, Bashiri."

Fundi akaketi. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba mashine nzima imejaa samli, miaka na miaka. Kule Muleba joto la meko liliilainisha. Mvua ya njiani ikaigandisha kama jiwe.

"Na ukanyamaza?"

"Niseme nini? Kwamba mama wa mkwe wangu ndiye aliyeikaba gramafoni ya marehemu mumewe? Mkwe haanikwi, Zabibu. Hata kabla ya ndoa."

"Afadhali unikose mimi?"

"Nilitaka kuisafisha kwanza, iimbe, watu wasahau kuuliza."

"Baba yangu hajawahi kusahau kuuliza."

Bashiri akamwomba asimwambie mtu. Zabibu akaondoka bila kuahidi.

Jumamosi sebule ilijaa. Bibi Mwamvita kiti cha mbele, Mzee Saburi pembeni yake, na Mustapha, ambaye hakuitwa, karibu na bakuli la kahawa. Bashiri alipoulizwa, akarudia: uzee. Mzee Saburi akakohoa kile kikohozi cha kufunga shauri.

Zabibu akapiga goti mbele ya bibi yake.

"Bibi, tufundishe. Ulikuwa unaitunzaje mpaka ikadumu hivi?"

Bibi akajinyoosha kwa fahari.

"Kwa samli, mwanangu. Kila Ijumaa, samli safi ya ng'ombe wangu, naimimina mle penye magurudumu. Ngoma hupakwa samli, mkuki hupakwa samli, mtoto mchanga hupakwa samli. Nani aliwaambia chuma hakina njaa?"

Mzee Saburi akamgeukia Bashiri.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

Bibi akamtazama mwanawe, akamtazama fundi aliyeikodolea macho sakafu.

"Maawe, mama yangu! Kumbe muuaji ni mimi?"

Akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. Alipopata pumzi akamgeukia Mustapha.

"Na wewe, waitu, mwenzetu, masikio yako yalisikia samli ikivunjika?"

Mustapha akakumbuka kwamba dukani hakuacha mtu, akaondoka.

Mzee Saburi alimshika Bashiri mkono, akamwambia posa ipo palepale, na kwamba mwanamume anayejua kusitiri wazee wa nyumba hiyo atakuwa na kazi nyingi.

Zabibu hakutosheka. Alimfuata Bashiri uani, na sahani ya vitumbua mkononi.

"Bibi umemsitiri vizuri. Mimi usinisitiri. Nikikosea, niambie usoni."

"Utanuna."

"Nitanuna, kisha nitakusikia. Mume ambaye lazima nibahatishe anachofikiri simtaki."

Bashiri akauma kitumbua kimoja, akatafuna kidogo, akawaza, akameza kwa shida.

"Basi tuanze. Vitumbua hivi umesahau sukari."

Zabibu akamkazia macho. Akachukua kimoja, akauma. Akatafuna polepole, kama shahidi asiyependa ushahidi wake.

"Ni kweli," akasema, akamkabidhi sahani yote. "Nikahi ni Ijumaa. Vimalize."