Kahawa ya Kananu

Siku hizi rafiki yangu Kananu, mwalimu kule Githongo, hushika sufuria ya moto kwa vidole vitupu na hasikii kitu. Alinieleza haya bila kubadilisha sauti.

Mwezi wa saba alifundisha darasa lake kuhusu wavumbuzi wa Ncha ya Kusini. Mmoja wa msafara wa Mwingereza Scott, miguu imeharibika kwa baridi, alitoka hemani kwenye dhoruba akisema anatoka kidogo. Hakuonekana tena.

Jioni hiyo ukungu ukashuka. "Natoka kidogo nifunike kahawa," Kananu akamwambia mumewe, Kaburu.

Alipokuwa akifunga nailoni kwa kamba juu ya kitanda cha waya cha kukaushia kahawa uani, akasikia mtu akija nyuma yake. Mguu mmoja ulikuwa ukivunja kitu kama barafu nyembamba, wa pili ukiburutwa. Chini palikuwa na nyasi mbichi tu.

"Kaburu, ni wewe?"

"Niko jikoni," Kaburu akajibu kutoka ndani.

Hatua zikafika kitandani, zikanyamaza.

Asubuhi alikuta kamba zote zimefungwa vile alivyoziacha. Akazifungua. Katikati ya kahawa palikuwa pamebonyea, umbo la mtu aliyelala kiubavu. Akaweka vidole pale. Palikuwa pameganda barafu.