Rangi Iliyokataa Kukauka

Mtu asikucheke ukihangaikia rangi ya ukuta. Nanyama alikuwa ameishi miaka yote ya ndoa yake Kambi Muru, kule Kibera, katika chumba cha mabati kilichobandikwa magazeti ndani. Sasa yeye na mumewe Maurice walikuwa wamepata chumba cha mawe Kawangware, upande wa Riruta, chenye dirisha linalofunguka. Mimba ilikuwa imekomaa. Mtoto wao wa kwanza, Wesonga, walimzika nyumbani Bungoma kabla hajajua kukaa. Huyu wa sasa, Nanyama alijiapia, angefumbua macho ndani ya chumba kizuri.

Basi jioni hiyo, jua likienda zake, akatoka kununua rangi. Muuzaji wa hardware alimwonyesha zile za krimu-krimu, si nyeupe si kahawia. Akamwambia asikimbilie kuchagua, maana rangi mbichi ni mwongo. Apake viraka ukutani, angoje vikauke, ndipo aamue. Akamtilia mbili kwenye vikopo vya maziwa mala. Moja ilifanana na biskuti, nyingine na chai yenye maziwa mengi.

Aliporudi alimkuta Bridgit mlangoni, naye ameshika kopo lake.

Bridgit hakuwa rafiki wa kuokota barabarani. Walitoka kijiji kimoja, na Kambi Muru walikuwa majirani. Siku ya kumzika Wesonga, ni Bridgit aliyemletea maji na mavi ya ng'ombe, Nanyama akalisiriba kaburi kwa mikono yake kama wamama wa kwao wanavyofanya. Alipomaliza akalichora mawimbi kwa vidole: mistari mitatu mirefu na mmoja mfupi, kwa sababu kidole chake kimoja kilikatwa na panga akiwa msichana. Na Audrey, bintiye Bridgit mwenye kifafa, ni Nanyama aliyekuwa akimbeba mgongoni kila alipoanguka mamake akiwa kazini. Mtu kama huyo humwachi nje.

Bridgit alikuwa ametoka ushago, kule kwao Bungoma, juzi. Alisema fundi mmoja wa mtaa wa Olympic alimwachia rangi iliyobaki, tena nzuri kuliko hizo za dukani. Nanyama akamuuliza hali ya Audrey.

"Ameshinda akianguka," Bridgit akasema, macho kwenye kopo. "Lakini leo atapona."

Nanyama akaitikia amina. Alidhani ni imani.

Wakapaka viraka vitatu kando ya dirisha. Kile cha tatu Bridgit alikataa kumwachia brashi, akakipaka mwenyewe pole pole, midomo ikichezacheza bila sauti. Alipomaliza hakutaka kukaa. Nanyama akamwekea chai, akasema ana haraka. Bridgit kukataa chai! Hapo tu Nanyama angejua.

Akabaki peke yake, akingoja rangi ikauke.

Biskuti ikakauka. Chai ikakauka. Ya tatu ilikuwa inang'aa, mbichi vile vile. Akaigusa, ikamshika kidole kama ugali wa moto.

Halafu harufu ikaja...

Haikuwa ya rangi. Ilikuwa ya udongo. Udongo na mavi ya ng'ombe, vilivyonyeshewa mvua.

Akawasha taa, akasogea. Ndani ya kile kiraka kitu kilikuwa kinajichora chenyewe, bila mkono wa mtu.

Mstari mrefu.

Wa pili mrefu. Wa tatu.

Wa nne mfupi.

Nanyama akarudi nyuma hatua moja. Tangu aje Nairobi hakuwahi kusiriba ukuta wowote. Alama ya mkono ule aliiacha mahali pamoja tu duniani, kaburini kwa Wesonga. Na chini ya mistari, rangi ikaanza kuvimba taratibu, ikatokea alama ya kiganja kidogo sana, kikisukuma kutokea upande wa ndani.

Akajishika tumbo. Mtoto aliyeshinda akirusha mateke mchana kutwa alikuwa ametulia tuli. Akalibonyeza. Akalitikisa. Kimya.

Akampigia Bridgit.

"Imekauka?" Bridgit akanong'ona, hata salamu hakuna. Nyuma yake Audrey alikuwa anaimba, anadai chakula.

"Ulichota udongo kwa kaburi la mtoto wangu."

Bridgit hakukana. Alianza kulia.

"Mganga alisema huo ugonjwa haufi, unahama tu. Na unahamia tumboni mwa mama ambaye ashazika mtoto."

Nanyama alihisi uchungu uliopita hofu. Uganga aliusikia tangu utotoni, haukumshangaza. Kilichomkata maini ni kwamba mkono uliomletea maji pale kaburini ndio uliorudi kumchimba Wesonga.

"Si ungeniambia, Bridgit? Tungelia pamoja."

"Ningekuambia, ungekubali?"

Nanyama aliweka simu kitandani bila kuikata, akachukua kisu cha jikoni, akaanza kukwangua. Rangi ilitoka kwa vipande vizito, na plasta nyuma yake. Akakwangua mpaka akafika nusu ya kiraka.

Tumboni, teke moja dogo.

Akapiga kelele ya furaha. Na papo hapo, kwenye simu, wimbo ukakatika. Sahani ikaanguka. Kisha ule mlio wa koo ambao Nanyama aliujua kama sauti yake mwenyewe, maana ni yeye aliyekuwa akikishika kile kichwa kisigonge sakafu.

"Nanyama, rudisha," Bridgit akasema. "Tafadhali... rudisha kwa ukuta."

Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Audrey alikuwa na kosa gani?

Akaendelea kukwangua.

Maurice alirudi akakuta ukuta umekwanguliwa mpaka kwenye jiwe. Aliuziba, akaupaka ile ya biskuti, hakuuliza sana. Mtoto alizaliwa mzima, msichana. Bridgit hakuonekana tena. Watu wa Kambi Muru walisema amesafiri na jeneza.

Chumba kizuri, kila mgeni anakisifu. Lakini mvua ikinyesha kile kiraka kando ya dirisha hulowa, na Nanyama hugeuza uso wa mtoto upande mwingine. Mistari haionekani tena, wala kile kiganja kidogo.

Kinachotokea sasa ni kiganja kingine, kikubwa kidogo. Cha mtoto wa umri wa kubebwa mgongoni.