Ulilia Wapi?

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Ngoingwa kuliamka na ukungu na manyunyu, baridi ile ya Juni inayomfanya mtu asali akiwa bado ndani ya blanketi. Ndivyo nilivyosali.

"Bwana, leo Gachau analeta watu wake kujulishana na watu wangu. Kama kuna kitu sijakiona, nionyeshe kabla wageni hawajaketi."

Sikujua atanijibu kabla hata chapati hazijaisha kusukumwa.

"Mumbi!" mama aliniita jikoni, mikono yake imejaa unga. "Pigia huyo mkwe wangu simu. Weka sauti, nina shida naye."

"Shida gani tena, mami?"

"Wewe piga."

Nikapiga. Gachau akashika mara moja, nyuma yake kelele za wajomba garini.

"Tumepita Witeithie, mrembo! Andaa chai."

"Gachau, ni mimi mama yake Mumbi," mama akapaza sauti. "Jana nimemaliza ile ya Kikorea, ya mama anayeficha ugonjwa ili binti yake asiache kazi. Nimelia, ai! Mumbi anasema kwa mambo ya muvi wewe ndiye bingwa. Nipe ingine inayofanana na hiyo."

"Hiyo ni rahisi, mami! Iko ingine moto sana. Mapanga, farasi, damu kila mahali!"

"Damu? Mimi nataka mama na binti."

"Si ni Wakorea tu, mami? Wote wanafanana. Tukifika tutaongea."

Akakata.

Tata Kui, dada yake baba, aliacha kuponda mukimo wa viazi na mahindi akanitazama.

"Huyu ndiye bingwa? Bingwa wa kuchinja?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka.

Lazima niwaeleze. Mimi nina miaka thelathini na sita. Shule niliiacha kidato cha pili, na sasa nasoma masomo ya jioni mjini Thika, niko kidato cha nne. Mwaka jana mwenzangu darasani alinipa namba ya duka moja la muvi huko Ruiru. Ukitaka muvi, unaandika Watsapu, wanakuwekea kwa flashi, unaenda kuchukua. Nikaandika:

"Habari. Nimeona ile ya Kikorea ya mama muuza samaki anayejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Naomba inayofanana."

Duka lingine lingeniuliza jina la mwigizaji. Hili lilijibu:

"Ulilia wapi?"

Nikafikiri ni utani. Halafu nikajibu ukweli: "Sikulia walipobusiana. Nililia alipoandika jina lake kwa chaki kwenye ubao wa sokoni, na hakuna aliyegeuka kumtazama."

"Basi hutafuti mapenzi," jibu lilisema. "Unatafuta mtu anayeanza upya bila kupigiwa makofi. Kuna filamu ya Kijapani, fundi wa saa mzee anajifunza kuogelea. Haina busu hata moja. Itazame ukiwa peke yako."

Niliitazama peke yangu. Nililia hadi mto ukalowa.

Tukaendelea hivyo miezi. Kutoka kwa fundi wa saa akanipeleka kwa dada wawili wa Kichina wanaofufua mgahawa wa baba yao, maana alisema aibu ya wale dada ni aibu ile ile ya mzee majini. Kutoka hapo akanipeleka kwa mwalimu wa Kithai anayerudi kijijini alikofukuzwa. Nchi tofauti, lugha tofauti, kidonda kimoja. Siku moja nilimuuliza anawezaje.

"Watu hufananisha nyuso," aliandika. "Mimi hufananisha machozi."

Ndugu zangu, nilipenda. Nilimpenda mtu nisiyemjua sura.

Mwezi wa tatu nikafunga kwa maombi siku nzima, nikaenda Ruiru. Dukani nilimkuta kijana mtanashati anauza chaja na vioo vya simu.

"Wewe ndiye unayejibu Watsapu?" nilimuuliza.

Alinitazama toka juu hadi chini, akatabasamu.

"Ndiyo mimi. Na wewe lazima ni Mumbi."

Huyo ndiye Gachau. Siku hiyo hiyo aliniambia, "Sasa wewe si mteja tena, ni wangu. Acha laini ya duka, niandikie kwa yangu." Nikaacha. Lakini kwa laini yake yalikuja maneno mengine: "Umekula?" "Niko bize." "Vaa ile nyekundu." Nikajiambia mapenzi yakishapata makao huacha kuongea sana. Nikajiambia hivyo miezi mitatu.

Sasa, mbele ya unga na mukimo, sikuweza kujiambia tena.

Gari likapiga honi. Wageni waliingia na kreti za soda na shuka la kumpa mama. Nilisimama dirishani mwa jikoni. Gachau alikuwa uani katikati ya wajomba zake, mikono miwili imebeba kreti, anacheka.

Nilitoa simu yangu. Nikatafuta ile namba ya duka niliyokuwa nimeiacha.

"Habari. Mama yangu ameona ile ya mama anayeficha ugonjwa. Anaomba inayofanana."

Nikatuma. Nikamtazama Gachau. Bado amebeba kreti. Bado anacheka.

Simu ikalia mkononi mwangu.

"Habari, Mumbi. Siku nyingi. Muulize mama, alilia wapi?"

"Ngai wakwa, Mungu wangu!" nilisema kwa sauti.

Tata Kui akanisogelea, akasoma juu ya bega langu. Akatazama dirishani. Akatazama simu tena.

"Huyu anayeandika ni nani, na yule pale ni nani?"

"Hilo ndilo nataka kujua, tata."

Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikapiga.

"Halo?" Sauti nzito, ya upole. Sijawahi kuisikia.

"Unaitwa nani?"

"Maluki. Mimi na Gachau tuna duka pamoja. Yeye ni vifaa vya simu, mimi ni muvi."

"Wewe ndiye uliniambia kuhusu fundi wa saa?"

"Ndiyo."

"Na wale dada wa mgahawa? Na mwalimu?"

"Mumbi, leo ni siku yako. Sitaki kuiharibu."

"Jibu!"

"Ni mimi. Yote ni mimi. Siku uliyokuja nilikuwa nimeenda Kithimani, mama yangu alikuwa mgonjwa. Niliporudi Gachau akaniambia mlikuwa mnajuana zamani, mmeshaelewana. Na wewe ukaacha kuandika. Ningesema nini? Nilifikiri umechagua."

"Nilichagua," nilisema, na machozi yakaanza. "Nilichagua yule aliyeniuliza nililia wapi."

Nikafuta machozi kwa kiganja.

"Maluki, wewe ulinipenda?"

"Kila muvi niliyokupa niliitazama mara mbili kwanza," alisema. "Sikufanyia mteja mwingine hivyo."

Nikakata. Nikapiga magoti kati ya gunia la maharagwe na la mahindi. "Bwana, umenionyesha. Sasa nipe mdomo."

Nilimtuma Tata Kui amwite Gachau nyuma ya tangi la maji. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu kabla sijamsikia.

"Mrembo, unaniita kwa siri? Wazee wataongea," alisema akicheka. Alipomwona Tata Kui amekunja mikono, akaacha.

"Nikuulize kitu kimoja, Gachau. Ile muvi ya muuza samaki. Nilipoomba inayofanana, uliniuliza nini kwanza?"

"Aa, Mumbi, wateja ni wengi..."

"Mimi si mteja. Ulisema mimi ni wako. Uliniuliza nini?"

Akakuna shingo. "Si nilikuuliza... mwigizaji ni nani?"

Tata Kui akapiga makofi mara moja. "Woi! Mapanga na farasi!"

"Nimeongea na Maluki," nilisema.

Uso wake ukabadilika. Alitazama uani kwa wajomba zake, kisha chini.

"Ni simu ya duka, Mumbi. Duka ni letu wawili. Maneno yake ni maneno ya duka."

"Mimi sikupenda duka."

"Lakini nilikutaka! Kwani nilikuibia nini? Ningeweza kukupenda hata bila hizo hadithi zake."

"Ungeweza," nilimwambia. "Ungeniambia jina lako, ukaanza na maneno yako mwenyewe. Labda ningekusikiliza. Hukujaribu."

Wakati huo huo baba aliniita ndani.

Kwetu, wageni wakisema wamekuja kwa ajili ya binti, binti huitwa aulizwe mbele ya wote kama anawajua. Kawaida ni swali la kucheka. Binti huinamisha kichwa, anasema nawajua, watu wanapiga vigelegele, chakula kinaletwa.

Baba, Mzee Bedan, alikuwa ameketi katikati. "Mumbi, hawa wageni wanasema wanakufahamu. Unawajua?"

Mdomo niliopewa ulikuwepo.

"Nawajua, baba. Ni watu wazuri na wamekuja kwa heshima. Lakini yule niliyemkubali hayuko kati yao. Niliambiwa ni Gachau, nikaamini. Si yeye."

Kikombe kilianguka mahali. Mjomba wa Gachau akasimama.

"Huu ni mchezo gani? Msichana wa miaka thelathini na sita, mwanafunzi wa jioni, bado anachagua?"

Baba hakuinua sauti.

"Keti, muthee. Ameulizwa, amejibu. Kama hatutaki jibu, kwa nini tunauliza?"

Mama alikuwa ameshika mdomo. Kila mtu alimgeukia Gachau, aliyekuwa amesimama mlangoni. Angeweza kukana. Angeweza kunitukana. Alivua kofia.

"Anasema kweli," alisema. "Alikuwa anaongea na Maluki, mwenzangu wa duka. Mimi nilijifanya yeye. Poleni, wazee. Pole, Mumbi."

"Basi," baba alisema. "Hakuna mtu atatoka kwangu na njaa. Leteni chakula."

Walikula mukimo kimya kama watu wa matanga. Walipoondoka, mama alinishika mabega yangu mawili. Nilingoja matusi.

"Huyo Maluki," alisema, "ni Mkamba?"

"Ndiyo, mami."

"Anasali?"

"Sijui. Nitamuuliza."

"Muulize. Na umwambie mimi nililia pale binti alipopata dawa chini ya godoro."

Kesho yake, baada ya ibada, nilienda Ruiru na Tata Kui, kwa sababu alikataa katakata kubaki. Duka lilijaa. Jumapili watu huja kuchukua muvi za wiki, flashi mkononi. Nyuma ya kompyuta alikaa mwanaume mnene kidogo, shati limepigwa pasi vizuri. Aliinua macho.

Hakuna aliyetutambulisha. Tulijuana.

"Mumbi," alisema.

"Maluki."

"Gachau amenipigia jana. Ameniambia yote. Amelia pia, huyo."

"Nimemsamehe. Nimemwombea asubuhi."

"Mimi bado najaribu," alisema, na tukacheka wote wawili kwa wasiwasi.

"Unasali?" nilimuuliza.

"Nasali. Miezi mitatu hii niliomba nikusahau. Mungu amekataa."

Mteja mmoja, Carolyne, mama wa nywele za rasta, akagonga meza kwa flashi yake. "Maluki, ama uongee na huyu dada vizuri ama uniwekee muvi zangu. Chagua moja!"

Watu wakacheka. Maluki akatoka nyuma ya meza. Akasimama mbele yangu, mikono yake haijui pa kwenda.

"Nilinyamaza nikakupoteza," alisema. "Sitanyamaza tena. Nakupenda. Nakutaka uwe mke wangu. Lakini una mtihani Novemba, na sitaki uache shule kwa ajili yangu. Nitangoja."

"Haiya!" Tata Kui akanong'ona. "Sema, msichana!"

Niligeuka nikawatazama: Carolyne, wateja wote na flashi zao, tata yangu aliyeshika mkoba kwa mikono miwili. Nikaushika mkono wa Maluki na kuuinua ili wote wauone.

"Nyinyi ni mashahidi, na Mungu ndiye wa kwanza," nilisema kwa nguvu, hadi watu wa nje wakachungulia. "Mimi Mumbi, binti wa Bedan wa Ngoingwa, nimemchagua huyu Maluki. Nitafanya mtihani wangu nimalize. Disemba nitampeleka kwa baba yangu mimi mwenyewe, mchana, kwa jina lake. Na nitaolewa na yeye, sitaolewa na mwingine."