Upande wa Kushoto

Rafiki yangu, fundi cherehani, alinisimulia haya huku akikwepa macho yangu. Alikwenda kwa mjane mmoja kununua amplifaya ya marehemu mumewe. Ilipiga safi pande zote, ila bei ilimzidi kidogo. Kwa kuwa mama yule alikuwa hasikii vizuri, rafiki yangu akamdanganya kwa kupaza sauti: "Mama, upande wa kushoto umekufa!" Mama akaipapasa amplifaya, akapunguza bei. Roho ilimsuta rafiki yangu, lakini akaibeba.

Nyumbani alifunga mapazia, akaiunganisha na spika zake mbili, akaiwasha. Upande wa kulia ulikuwa kimya. Kushoto kulitoka mvumo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Akachomoa waya ukutani. Mvumo haukukoma. Plagi ikiwa bado mkononi mwake, spika ya kushoto ikakohoa, kisha sauti ya mzee ikauliza taratibu: "Mke wangu, eti nimekufa?"