Majibu ya Chupa Nne

Foleni ya maabara ya mifugo ilikuwa imefika mlangoni, na kila mtu ana haraka zake. Mfugaji mmoja, shati la bluu limenyooshwa kama la mtu anayekwenda kuposa, aliweka chupa nne dirishani.

“Maziwa yana mabonge, dada. Sindano zote zimegonga mwamba.”

Mpimaji, koti jeupe na macho ya usingizi, akatabasamu. “Acha namba. Nitakupigia kuhusu maziwa.”

“Maziwa tu?”

“Tutaona!”

Wiki mbili wakapigiana simu kila jioni. Mpimaji alikuwa amezoea kula peke yake, amesimama kando ya jiko. Sasa alikaa kitandani, sahani pajani, simu sikioni, akicheka hadi chakula kinapoa.

Majibu yakatoka.

“Mpenzi, huyu bakteria ni mjanja. Ananata ndani ya kiwele, anajifunika utando, dawa inapita juu tu. Na ni yuleyule kwa ng'ombe wote wanne. Anayekamua ndiye anayemsambaza.”

“Anayekamua ni mama yangu.”

“Sikusema kwa ubaya, jamani…”

“Kwa hiyo mama yangu mchafu?”

Simu ikakatwa. Siku kumi na tisa mfugaji hakupiga wala kupokea. Majibu mpimaji hakuweza kuyabadilisha. Alichoweza ni kulia, na alilia sana.

Siku ya ishirini, mama mmoja akasimama dirishani na kitambaa ndani ya mfuko.

“Mimi ndiye mkamuaji. Pima hiki, mwanangu. Ndicho ninachofutia viwele vyote.”

Aliporudi kuchukua majibu, bakteria alikuwa yuleyule. Mama akainamisha kichwa.

“Ni kipande cha shati la marehemu mume wangu. Nilikuwa naona kama bado tunakamua wote.”

Mpimaji akatoka, akaketi naye kwenye benchi. Mama akampigia mwanawe, kisha akamkabidhi mpimaji simu.

“Mama, uko wapi?”

“Yuko na mimi, maabara.”

“Amekuletea kile kitambaa cha baba?”

“Amekileta, nimekipima. Ndicho chenyewe.”

Akamsikia akishusha pumzi. “Nimekukosea, mpenzi. Sijui hata nianzie wapi.”

“Anza kwa kuja kutuchukua. Mama analia, na mimi pia.”